Nyumbu, kipoyi na mgongo wa mtu

Kuna maneno fulani nimeyasikia tangu nikiwa sekondari, na nikayasikia tena unif, hata kwenye mdomo wa watu wenye diploma kubwa: ati babu zetu walibeba mizigo kwa kichwa juu hawakuwa na akili ya kufuga mnyama wa kubeba. Wengine duniani walipanda farasi, walipakia ngamia, walifunga ng'ombe kwenye gari. Sisi Kongo tulibaki na kata kichwani. Watu wanasema hivyo wakicheka, kama vile ni kitu cha kawaida. Leo nataka tukiangalie vizuri, na nitaanzia mbali kidogo, huko Ethiopia, juu ya mgongo wa nyumbu.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Ukimwambia Mtanzania «nyumbu», yeye anaona yule mnyama wa Serengeti mwenye ndevu anayevuka mto na wenzake kwa maelfu. Si huyo. Nyumbu ninayemsema ni mtoto wa punda dume na farasi jike, yule Biblia yetu ya Kiswahili inamwita nyumbu pale Absalomu anaponaswa kichwa kwenye mti, na pale Daudi anapotaka Sulemani apandishwe juu ya nyumbu wa mfalme. Kuna wanaomwita baghala. Kwetu mtu wa kawaida atasema tu «punda», juu hajawahi kuona tofauti. Farasi ana kromosomu 64, punda ana 62, nyumbu anapata 63, na kwa sababu hiyo karibu siku zote hazai. Ukitaka nyumbu mwingine lazima urudi tena kwa punda na farasi. Shikeni hiyo, tutaihitaji mbele.

Mwaka 2018 tulikuwa Addis Ababa kwa mafunzo, watu wa nchi saba, na mwisho wa wiki moja tukachanga franga, tukaenda Lalibela watu tisa. Kila mtu anajua Lalibela juu ya yale makanisa 11 yaliyochongwa ndani ya mwamba, yako kwenye orodha ya UNESCO tangu 1978. Lakini juu ya mji kuna mlima, na juu ya mlima kuna monasteri ya Asheton Maryam, zaidi ya mita 3,000. Ukiwa na miguu mizuri unapanda kwa saa mbili hivi. Ukiwa mtu wa tambarare, hewa inakukatikia mapema, na asubuhi chini kuna vijana wanakungoja na nyumbu.

Sisi tisa tulichukua nyumbu sita. Watatu walikataa, wakasema wao ni vijana. (Wawili kati ya hao watatu waliomba nyumbu katikati ya njia.) Kiti ni cha mbao, kimefunikwa na blanketi, na kijana mwenye mnyama anatembea pembeni yako akiwa ameshika kamba. Jambo la kwanza unalojifunza ni kwamba nyumbu hapendi kutembea katikati ya njia. Anafuata ukingo, pale mwisho kabisa, mguu wako ukining'inia juu ya bonde. Unavuta kamba aje ndani, anakataa. Kijana wangu alinifanyia ishara: acha, yeye anajua. Na kweli alijua. Kabla ya kuweka mguu kwenye jiwe analipima kwanza, kama mama anayeonja chumvi. Farasi ukimsukuma anaweza kukubali kwenda pabaya. Nyumbu anasimama, na unaweza kupiga kelele hadi jioni. Watu wanasema ni mbishi. Mimi nilipokuwa pale juu nilimshukuru kwa huo ubishi. Wakati wa kushuka vijana walituambia tutembee wenyewe, juu njia ni kali na mzigo unamlemea mnyama mabega.

Pale tulipopumzika ndipo rafiki mmoja wa Bénin akaniuliza mbele ya wote: «Ninyi Wakongomani mna milima mingi huko Kivu. Nyumbu wenu wako wapi? Juu ya Nyiragongo watalii wanapanda na nini?» Nikamjibu: wanapanda na miguu, na mizigo inabebwa na watu. Akacheka: «Basi ni kweli wanavyosema, hamkufuga kitu.» Sikuwa na hasira naye. Lakini niliporudi Addis nilianza kusoma, na niliyosoma ndiyo haya.

Nyumbu wa Ethiopia si jambo la watalii. Punda alifugwa kwanza upande huo wa kaskazini-mashariki mwa Afrika, na farasi alifika huko zamani. Nyanda za juu za Ethiopia ziko juu ya mita 2,000, kuna baridi, na mbung'o haishi huko. Kwa hiyo wanyama wote wawili walistawi, na mahali farasi na punda wanastawi pamoja, nyumbu anawezekana. Padri Mreno Francisco Álvares, aliyefika na ujumbe wa mfalme wake mwaka 1520 na kukaa hadi 1526, alisafiri nchi nzima pamoja na misafara ya nyumbu. Ndiye wa kwanza kuwaandikia Wazungu habari za makanisa ya Lalibela, na katika kitabu chake cha 1540 anakiri kwamba anaogopa kuandika zaidi, juu hakuna atakayemwamini. Katika nchi hiyo nyumbu wa kupanda alikuwa wa mtu mkubwa: askofu, mke wa mfalme, mwamuzi. Farasi alikuwa wa vita. Kwa safari na kwa heshima walipanda nyumbu.

Halafu kuna hadithi ya Magdala, na hiyo inaonyesha vizuri mlima unataka nini. Mfalme Tewodros II alikuwa amefunga Wazungu kadhaa, pamoja na mjumbe wa Uingereza, kwenye ngome yake juu ya mlima wa Magdala. Mwisho wa mwaka 1867 jeshi la Robert Napier lilianza kushuka ufukweni Zula, askari kama 13,000 kutoka India, na mbele yao karibu kilomita 640 za milima. Walikuja na tembo 44 wa kubeba mizinga. Lakini kazi kubwa ilitegemea nyumbu, maelfu kwa maelfu, walionunuliwa Misri, Hispania, Uturuki, India. Wengi sana walikufa pale pale pwani kwa kiu na ugonjwa kabla hawajaona mlima hata mmoja. Waliobaki walipanda.

Tewodros naye alikuwa na mzinga wake mkubwa, Sebastopol, wa tani kama 7, aliouvuta hadi Magdala. Huo haukuvutwa na nyumbu. Ulivutwa na watu, mamia ya watu na kamba, na mfalme mwenyewe akisimamia kutengeneza njia. Nasema hivi ili mtu asifikiri Ethiopia ilikuwa paradiso ambako mnyama alimwokoa binadamu na kila mzigo. Watumwa walikuwako, na wakulima waliobebeshwa mizigo ya jeshi walikuwako.

Tarehe 13 Aprili 1868, Jumatatu ya Pasaka, ngome ilianguka na Tewodros akajipiga risasi. Waingereza walichukua taji, vitabu vya ngozi, vikombe vya kanisa, na mtoto wa mfalme, Alemayehu, ambaye alikufa Uingereza mwaka 1879 akiwa bado kijana. Ili kuiondoa mali hiyo mlimani ilihitajika tembo 15 na nyumbu karibu 200. Sehemu ya mali ile ingali kwenye makumbusho ya London hadi leo, na Waethiopia bado wanaidai.

Sasa tuje kwetu.

Adui wa kwanza ni mdudu mdogo: mbung'o. Anabeba vijidudu vya ugonjwa ambao kwa wanyama unaitwa nagana. David Bruce ndiye aliyeonyesha uhusiano huo mwaka 1895, huko Zululand. Farasi akiumwa, anakonda, anakufa. Punda anavumilia kidogo zaidi, naye anakufa. Nyumbu, mtoto wao, hivyo hivyo. Na mbung'o ameshika nchi kubwa kutoka misitu ya Kongo hadi mapori ya Tanzania.

Wageni wenyewe walijaribu. Mwaka 1866 Livingstone alishuka upande wa Ruvuma na ngamia, nyati wa India, nyumbu wawili na punda, akitaka kujua nani atashinda mbung'o. Wote walikwisha. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta huyo huyo Livingstone alikuwa na farasi wawili na punda zaidi ya ishirini. Farasi wote wawili walikufa mwanzoni tu mwa njia. Leopold II naye, mwaka 1879, alilipa tembo wanne kutoka India pamoja na wachungaji wao. Walishushwa karibu na Dar es Salaam wakiongozwa na Carter, ili wafike Karema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika tukiangalia kutoka kwetu. Mmoja tu alifika, naye hakudumu. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 akiwa njiani kurudi.

Basi niulize: kama mfalme wa Ubelgiji na franga zake zote alishindwa kupitisha mnyama wa mizigo katika nchi hii, mkulima wa Maniema alitakiwa kufanya nini? Alikosa akili, ama alijua tayari kile Livingstone alikuja kujifunza kwa gharama?

Mtu ataniambia: sawa, lakini Kivu ni juu, kuna baridi, mbung'o haiko Masisi wala Lubero. Kweli. Ng'ombe wa milimani kwetu ni ushahidi. Lakini kumbukeni hesabu ya kromosomu. Nyumbu hazai, lazima upate farasi jike na punda dume, na uwapate tena na tena. Ethiopia ilikuwa na wanyama hao wote wawili tangu zamani. Milima yetu ni kama kisiwa: magharibi msitu, mashariki mapori yenye mbung'o. Ng'ombe walifika polepole kwa njia zao za kaskazini na mashariki, kizazi baada ya kizazi. Farasi hakufika, basi nyumbu hakuwezekana.

Na kuhusu hiyo habari ya «hamkufuga kitu»: mwanzoni mwa karne ya 20, huko Uele, kamanda Jules Laplume na Wakongomani wa huko walianza kufuga tembo wa Afrika, huko Api, baadaye Gangala-na-Bodio, karibu na Garamba. Dunia nzima ilikuwa inasema tembo wa Afrika hafugiki kama yule wa India. Tembo wa Uele walilima mashamba na kuvuta magari. Wachungaji waliowakamata na kuwafundisha walikuwa watu wa kwetu. Sijui juu ya nini hawaandikwi kwenye vitabu vya shule.

Lakini mbung'o si jibu lote, na hapa ndipo mambo yanauma. Mdudu anaeleza juu ya nini mnyama hakuweko. Haelezi juu ya nini mzigo ulikuwa mkubwa vile, wala nani alilazimishwa kuubeba.

Kabla ya Leopold watu walibeba, ndiyo. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa kulipwa, wenye sifa zao na sheria zao za njiani. Mzigo mmoja ulikuwa kama kilo 30. Nyumbu mzuri mlimani anabeba 80, hata zaidi. Hesabu ni rahisi: nyumbu mmoja ni watu watatu karibu. Sasa chukua njia ya Matadi hadi Pool, pale leo kuna Kinshasa. Reli ilijengwa kati ya 1890 na 1898. Kabla ya hapo kila kitu kilipanda kwa kichwa na bega: nguo, divai, bunduki, hata meli za chuma zilizovunjwavunjwa vipande ili zikaunganishwe juu ya maporomoko. Na leta ya Leopold haikungoja watu wajitolee. Chifu aliambiwa alete watu, asipoleta, askari wanakuja kijijini. Mwaka 1896 seneta wa Ubelgiji, Edmond Picard, alipita njia hiyo akakutana na misafara ya wapagazi waliodhoofika, na alipoandika aliwafananisha na wanyama wa mizigo. Alikuwa seneta wa nchi ya mfalme mwenyewe, si adui wa Ubelgiji.

Halafu kipoyi. Vijana wa leo wengi wanalijua neno tu: kiti kilichofungwa kwenye miti miwili, Mzungu amekaa, watu wanne au zaidi wanabeba kwenye mabega wakiimba. Kwa Kifaransa waliita tipoye. Waliokipanda si wagonjwa tu. Ni msimamizi wa leta, ni padri, ni mkaguzi wa kampuni, mtu mzima mwenye miguu miwili. Picha ziko nyingi. Ethiopia mkubwa alipanda nyumbu. Kongo mkubwa alipanda watu. Na kuna siri moja ya hesabu: nyumbu lazima umnunue, umlishe, akifa umepata hasara. Mtu wa kazi ya lazima alikuwa hanunuliwi, chakula alijitafutia au alibebewa na mke wake, na akifa chifu analeta mwingine. Nani, katika hali hiyo, angehangaika kutafuta mnyama?

Vita ya kwanza ilizidisha. Mwaka 1916 Force Publique ilivuka mpaka kupigana na Wajerumani, na tarehe 19 Septemba ikaingia Tabora. Shuleni tulifundishwa ushindi huo kwa fahari, na monumenti tunazo. Idadi ya wapagazi inayotajwa mara nyingi kwa upande wetu ni kama 260,000. Waingereza upande wao walijaribu farasi na nyumbu, na mbung'o ikawaua kwa makumi ya maelfu, hadi nao wakarudi kwa mabega ya watu. Katika familia yetu baba wa babu yangu alipelekwa huko. Alirudi, wadogo zake wawili hawakurudi. Babu alikuwa anasimulia kwamba mzee alikuwa na kidonda kwenye bega la kulia kilichokauka kikawa kama ngozi ya goti, na kwamba hakumruhusu mtoto yeyote wa nyumba yake kubeba kitu upande huo. Jina lake haliko kwenye karatasi yoyote niliyoiona.

Hata milima iliandikwa kwa jina la wengine. Götzen anatajwa kuwa alipanda Nyiragongo mwaka 1894. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi alifika Margherita, kilele cha Ruwenzori, mita 5,109, pale mpaka wetu na Uganda unapita. Mwaka 1932 Wabelgiji wa Xavier de Grunne walipanda upande wetu. Nani alibeba hema, vyakula, vyombo vya kupimia na zile kamera nzito za vioo kwenye matope ya Ruwenzori, ambako nyumbu angezama hadi tumboni? Wapagazi. Kwenye picha wanaonekana mara nyingi, na chini ya picha mara nyingi hawana jina.

Nilimwandikia rafiki wa Bénin karibu haya yote, kwa ufupi. Alinijibu kwamba kwao pia babu zao walibeba, na kwamba upande wa pwani kiti cha namna ile kiliitwa hamac. Tangu hapo tunatumiana picha za zamani kila mmoja anapozipata.

Siku hizi nikiwa Goma ninasimama pale rond-point ya Chukudu, ile sanamu ya dhahabu. Chukudu ni mbao tupu na magurudumu mawili, hana chakula anachokula, hana mbung'o wa kumuua. Vijana wanazichonga wenyewe kwa mti wa mikaratusi, gurudumu wanalivika raba ya matairi ya zamani. Asubuhi wanashuka nazo kutoka Kibumba, viazi magunia mbele na nyuma, mguu mmoja juu ya raba ya breki, na kuelekea jioni wanazisukuma tena kupanda, mikono kwenye usukani, kilomita baada ya kilomita, njia ile ile ya chini ya Nyiragongo.